Dampo Linalohamahama: Historia ya Taka za Dar es Salaam

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, usafi wa mji ulifuata mipaka ya rangi. Uzunguni, upande wa bahari, barabara zilifagiliwa na taka zikazolewa. Uhindini huduma ilifika kwa kiasi. Uswahilini watu walichimba shimo uani, wakafukia au wakachoma. Waingereza waliowarithi nao waliliacha wazi eneo la Mnazi Mmoja ili liwatenge Waafrika na wakazi wengine, wakitoa sababu ya afya. Kwa mkazi wa kawaida, Bwana Afya, yaani afisa wa afya, alikuwa mkaguzi kuliko mtoa huduma. Hata hivyo mji ulikuwa mdogo, na taka zenyewe zilikuwa maganda, vifuu, majani na majivu, vitu ambavyo ardhi huvimeza.

Baada ya Uhuru mji ulikua kwa kasi kuliko magari yake ya taka. Mwaka 1967 wakazi wa mjini hawakufika 300,000. Kufikia sensa ya 1988 mkoa ulikuwa na zaidi ya milioni 1.3. Katikati ya ukuaji huo, sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 iliziondoa halmashauri za miji, ya Dar es Salaam ikiwemo. Zilianza kurejeshwa mwaka 1978, lakini kuirudisha halmashauri kwa sheria ni rahisi kuliko kurudisha karakana, mafundi na vyanzo vya mapato. Kisha ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni zikaadimika. Lori lililoharibika lilisubiri kipuri hadi likaishia kufunguliwa vifaa vya kuokolea jingine.

Kidogo kilichozolewa kilipelekwa Tabata, kwenye dampo lililotumika tangu miaka ya 1960. Wakati huo Tabata ilikuwa pembezoni. Miaka ya 1980 ilikuwa mtaa wa watu. Taka ziliwaka na kufuka mfululizo, kwa kuwa taka mbichi haziungui zikaisha, huvukuta tu. Moshi, harufu na nzi viliingia majumbani. Mwaka 1988 wakazi, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri: haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 ndipo mahakama zilipoweza kuzisimamia.

Wakazi walishinda. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Haikuacha, ilirudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba muda, ikidai kwamba jiji zima lingeathirika. Jaji Lugakingira aliikataa hoja hiyo: mamlaka ya umma haiwezi kuhatarisha maisha ya wananchi wake kwa kisingizio cha kuwahudumia wananchi wengine, na kuchafua mazingira yao ni kuwanyima haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Kwa wanasheria wa mazingira nchini, uamuzi huo bado ni wa kutajwa.

Kilichofuata hakisifiwi sana. Mwaka 1991 taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, eneo ambalo mpango wa jiji ulikuwa umelitenga kwa makazi. Wakazi zaidi ya 700, Festo Balegele akiwa wa kwanza katika orodha, walifungua shauri na kushinda pia. Dampo likaenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 likahamia Mtoni, Temeke, na baadaye Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Mahakama ziliweza kuliondoa dampo mahali fulani. Kulijenga jipya lililo salama haikuwa kazi yao, na wenye kazi hiyo walichagua kuhama.

Upande wa uzoaji, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya asilimia 5 ya taka za jiji ndizo zilizoondolewa. Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulifungua mlango kwa sekta binafsi. Mwaka 1994 kampuni ya Multinet Africa ilipewa kata za katikati ya jiji. Magari yalipatikana, walipaji ndio waliokosekana. Mkazi aliyezoea kuona taka kama kazi ya serikali hakuona kwa nini atoe ada, hasa gari lisipopita kwa wiki mbili. Serikali iliivunja halmashauri mwaka 1996, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikagawa kata kwa wakandarasi wengi wadogo, vikiwemo vikundi vya wanawake na vijana vilivyosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani.

Vikundi hivyo ndivyo vilivyofika Manzese na mitaa mingine isiyopitika kwa lori. Kijana hupita na mkokoteni, hupokea viroba mlangoni, huvisukuma hadi kwenye kituo cha kukusanyia, ambako gari huvichukua. Njiani chupa za plastiki na vyuma chakavu huchambuliwa na kuuzwa kwa kilo. Kwa wengi mauzo hayo ni sehemu muhimu ya ujira. Kinachobaki ni mabaki ya chakula na maganda, mazito kwa maji, na ndiyo sehemu kubwa ya taka zote. Kuyasafirisha hadi Pugu ni kuchoma dizeli kwa kubeba maji. Mtambo wa mboji wa Mabwepande, uliojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ulilenga tatizo hilohilo.

Hatua za kitaifa zimekuwa za kishindo zaidi. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, siku ikawa ya kufanya usafi, na Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Marufuku hiyo ilionekana mitaani haraka. Dampo la Pugu Kinyamwezi, kwa upande wake, limeendelea kuendeshwa zaidi kama jaa la wazi, na agizo la mwaka 1988 la kutafuta mahali pasipohatarisha watu bado halijatekelezwa kikamilifu.