Protini ya ngozi ya ng'ombe iliyoua watu wa diet

Kabla hujaagiza hilo kopo la protini, sikia hii. Mwaka 1976 daktari mmoja Marekani alitoa kitabu: acha kula, kunywa protini ya maji tu. Watu walipungua kweli, tena fasta! Kumbe mzigo wenyewe ulitokana na ngozi na kano za ng'ombe, protini dhaifu kabisa, na kwa siku mtu hafikishi hata kalori 400. Viliripotiwa vifo kama 60. Mioyo ilipoteza mapigo tu, wengi wao wanawake.

Siku hizi wanaopungua huambiwa gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya mwili, PAMOJA na chakula. Una kilo 70? Gramu 84 hadi 112. Yai moja lina kama 6, dagaa na maharage wapo, piga hesabu.