Treni Imekuja Mara Mbili
Kwetu Majengo, dereva wa masafa marefu ni mjomba. Mizani ya Mariakani, chai Mtito Andei, kisha Malaba, foleni hata siku mbili. Kabla ya malori, njia ya bara ilikuwa ya wapagazi, pembe za ndovu begani. Reli iliyoanzia Mombasa 1896 ikafika Ziwa Victoria 1901, na kazi yao ikafifia.

Treni ikarudi. 2019 amri ikatoka: makontena yapande SGR. Watu wakaandamana Mombasa. Lori la mjomba likalala hadi akaliuza. Septemba 2022 rais mpya akarudisha utoaji wa mizigo bandarini, lakini mjomba sasa anaendesha lori la watu.

“Shuka uangalie tairi,” huniambia mie tanboi wake, niliyeacha chuo.