Kutoka Beni hadi Roki ya Giza: Kumbi za Eastlands na Muziki Uliohama

Kabla ya gitaa la umeme kufika Nairobi, mtaa wa Pumwani, ulioko Eastlands, upande wa mashariki wa mji, ulikuwa na beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana waliunda vyama, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakashona sare na kupiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma kubwa, lengo likiwa kuwafunika wapinzani wao kwa umaridadi. Wamishonari waliwaona wahuni. Maofisa wa serikali walihofu kuwa nyuma ya mzaha huo kuna maasi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuwahusu mwaka 1975. Ukikisoma baada ya kutoka kwenye onyesho la roki Nairobi, utawatambua watu hao: mavazi ya kukopa, ukali wa kuigiza, na undugu wa waliochaguana wenyewe.

Nawataja kwa sababu shabiki wa leo wa roki ya giza, yaani gothi, mwenye buti, wanja na fulana nyeusi, huambiwa kwamba anaiga ya Wazungu. Ni kweli gothi ilianzia Uingereza. Bendi ya Bauhaus ilitoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1979, klabu ya Batcave ikafunguliwa London mwaka 1982, na tangu 1992 watu wa mkondo huo hukusanyika kila mwaka mjini Leipzig, Ujerumani. Lakini sare ya beni nayo ilitoka kwa Mzungu, na leo tunaihesabu kuwa urithi.

Wapenzi wa gothi Nairobi hawajawahi kuwa wengi kiasi cha kujaza ukumbi peke yao. Wamejibanza kwa jamaa zao wa metali na panki, na kwa hiyo historia yao ni sehemu ya historia ya gitaa zito mjini humu.

Eastlands ilikuwa na nafasi ya kuwa makao ya muziki huo. Manispaa ya kikoloni ilijenga kumbi katika mitaa ya Waafrika ili iwape burudani na wakati huohuo iwaweke machoni. Pumwani ilipata Memorial Hall miaka ya 1920. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ilipata ukumbi ambao wanasiasa waliugeuza jukwaa lao hadi ukaitwa bunge la Waafrika. Ndani ya kumbi hizo siasa ilipishana na dansi. Operesheni Anvil ya Aprili 1954, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilizoa maelfu ya wakazi wa mitaa hiyo na kuwapeleka vizuizini, lakini dansi ilirudi, na miaka ya 1960 ikaja na twisti ya Daudi Kabaka na wenzake.

Roki yenyewe ilipata sauti ya Kinairobi miaka ya 1970. Black Savage, bendi aliyopigia mwanamuziki Job Seda kabla dunia haijamjua kwa jina la Ayub Ogada, ilitoa albamu mwaka 1976. Ilikuwa na hasira na mashaka ambayo redio za wakati ule hazikuyazoea. Haikupata wafuasi iliowastahili. Kwa maoni yangu ilitangulia wakati wake.

Kisha ikaja hofu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafika bungeni mwaka 1999. Kwa mzazi wa Buruburu au Umoja, fuvu kwenye fulana lilikuwa ushahidi tosha. Wakati huohuo Kalamashaka wa Dandora walikuwa wakisema mambo mazito kuhusu maisha ya mtaa kwa hip hop, na giza lao lilikubalika kwa kuwa lilisemwa kwa Kiswahili na Sheng. Roki iliyoimbwa kwa Kiingereza ikabaki na sifa ya muziki wa watoto wa kishua, sifa ambayo haijawahi kuwa kweli kikamilifu.

Bendi kama Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na Crystal Axis zilijenga hadhira ya roki upya, baa moja baada ya nyingine. Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Ulaya ikageuka kusikiliza. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alifuatisha albamu ya The Adept mwaka 2024, akimkumbuka Muthoni wa Kirima wa ukoo wake, jemadari wa Mau Mau aliyefuga nywele zake hadi 2022.

Eastlands hulivisha jeshi hili. Koti la ngozi na buti hutoka mitumba ya Gikomba, na Kariokor kuna mafundi wa ngozi wanaoweza kukushonea mshipi upendavyo. Ila onyesho lenyewe mara nyingi liko Westlands au katikati ya mji. Mitambo mingi ya baa imezoea santuri za didijei, hivyo ngoma humeza gitaa na mwimbaji hubaki akifungua kinywa tu. Mbele ya jukwaa watu hugongana mabega kwa nguvu. Mmoja akianguka, mikono minne humnyanyua kabla hajakanyagwa. Kiatu kikichomoka, huinuliwa juu mpaka mwenyewe akione. Shabiki wa Kayole, huko Eastlands, huondoka kabla ya bendi kuu, kwa sababu nauli ya usiku hupanda na matatu hupungua. Hivyo ndivyo jamii hii inavyowapoteza watu wake usiku baada ya usiku: wanaosikiliza wapo mashariki, jukwaa liko magharibi.

Kumbi za umma za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya dansi na mikutano ya wakazi. Kaunti ya Nairobi ibandike mlangoni bei ya kuzikodi, iruhusu gitaa kupigwa hadi saa nne usiku, na isimuulize mpiga gitaa kwa nini amevaa nyeusi.