Kwa nini kipindupindu humwua mmoja na kumwacha mwingine

KATIKA vijiji na mialo ya Ziwa Victoria, kama vile Kamanga wilayani Sengerema, ng'ambo ya jiji la Mwanza, watu wa nyumba moja huweza kunywa maji ya ndoo moja yaliyochafuka, kisha mmoja akaharisha kidogo na kupona, wa pili asipatwe na lolote, na wa tatu akawa mahututi kabla ya jua kuzama. Vimelea ni vile vile. Kinachotofautiana ni mambo yanayoamua ukali wa kipindupindu, na lililo kubwa kuliko yote liko mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake.

Kipindupindu husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, ambaye huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Akifika katika utumbo mwembamba hujishikiza ukutani na kutoa sumu inayozifanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa hutoa choo mfano wa maji yaliyooshewa mchele, na huweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Kwa hiyo kinachoua hasa ni kukauka kwa mwili: damu hupungua, msukumo wake hushuka, figo husimama kufanya kazi na hatimaye moyo hushindwa.

Mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huu nchini katika zama hizi ulitokea mwaka 1974. Mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200, yaani watu watano hadi sita katika kila wagonjwa 100. Mlipuko mwingine mkubwa ulianzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi, Mwanza ikiwa miongoni mwake. Hata hivyo, pale tiba inapopatikana mapema, vifo havipaswi kuzidi mmoja katika wagonjwa 100. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo kiini cha makala haya.

Wingi wa vimelea na asidi ya tumbo

Asidi ya tumbo huua sehemu kubwa ya bakteria wa kipindupindu. Ndiyo maana mtu mwenye afya huhitaji kumeza mamilioni mengi ya vimelea ili augue. Ikiwa asidi imepungua, kwa mfano kwa mtu anayetumia dawa za vidonda vya tumbo, kiasi kidogo zaidi hutosha. Aidha, vimelea vinavyoingia pamoja na chakula hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya asidi hiyo.

Mwaka 1892, Profesa Max von Pettenkofer wa Munich, Ujerumani, ambaye hakukubali kwamba bakteria pekee anatosha kuleta kipindupindu, alikunywa kwa makusudi kimiminika chenye vimelea hivyo baada ya kutuliza asidi ya tumbo lake. Aliharisha tu, akapona, akadhani ameshinda hoja. Leo inafahamika kwamba kuambukizwa ni jambo moja na kuugua vikali ni jingine.

Aina ya bakteria

Wimbi la kipindupindu lililoanzia Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970 liliongozwa na aina iitwayo El Tor. Wengi wanaoambukizwa aina hii hawaoni dalili, au huharisha kidogo tu, lakini hueneza vimelea kupitia choo. Tangu miaka ya 1990 kumegunduliwa El Tor wanaotoa sumu kama ile ya bakteria wa zamani, na hao huelekea kusababisha ugonjwa mkali zaidi.

Mwili wa mgonjwa

Watu wa kundi la damu O, ambalo ndilo lenye watu wengi zaidi nchini, hawaambukizwi kwa urahisi kuliko wengine, ila wakiugua huelekea kuzidiwa zaidi. Watoto wadogo hukauka upesi kwa kuwa akiba yao ya maji ni ndogo, na wenye utapiamlo huharisha kwa muda mrefu. Wazee nao hustahimili kwa shida. Kwa mjamzito, upungufu mkubwa wa maji huhatarisha maisha ya mtoto aliye tumboni. Kwa upande mwingine, aliyewahi kuugua au kuchanjwa huwa na kinga kwa kipindi fulani, na maziwa ya mama humkinga mtoto mchanga.

Muda

Mambo yote hayo mgonjwa hawezi kuyabadili siku anapougua. Analoweza kulibadili ni muda unaopita kabla ya kurudishiwa maji. Bila tiba, kipindupindu kikali huweza kuua hadi nusu ya wagonjwa, wengine ndani ya saa chache.

Mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, mashariki mwa Kongo, maji na tiba havikutosha. Takriban watu 50,000 walifariki dunia katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Kinyume chake, mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, dripu zilipokaribia kwisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kwa mkazi wa Kamanga au mvuvi aliye kambini kisiwani, somo ni hili: tiba isisubiri kivuko wala gari. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limerahisisha safari ya kwenda Mwanza, lakini anayepoteza lita 1 kwa saa anahitaji maji kabla ya kuondoka nyumbani, na njiani pia.

Changanya pakiti ya ORS kwa maji safi kama inavyoelekezwa. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mgonjwa anywe kila baada ya kuharisha. Akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee kidogo kidogo. Anyonyaye aendelee kunyonya. Kumnyima maji kwa kudhani yanaongeza kuharisha ni kumwongezea hatari.

Macho yakiingia ndani, ngozi ikifinywa isirudi upesi, mkojo ukikatika, au mgonjwa akilegea na kushindwa kunywa, anahitaji dripu bila kuchelewa. Mtu mzima wa kilo 60 aliyefikia hatua hiyo huhitaji takriban lita 6 ndani ya saa 3 za mwanzo. Dawa za kuua bakteria hufupisha ugonjwa, lakini hazichukui nafasi ya maji.

Kundi la damu halibadiliki, na aina ya bakteria haichaguliwi. Pakiti chache za ORS zilizowekwa nyumbani mapema ndizo zinazoweza kuamua kama mgonjwa atafika zahanati akiwa hai.