Kenya: Njia ya Mzigo Kutoka Mombasa Hadi Naivasha

Tangu mwaka 1896 jirani yetu Kenya amekabiliwa na swali moja: mzigo ushushwao Kilindini upite wapi hata ufike bara bila kukwama?

Mombasa ni kisiwa. Reli iliyojengwa na Waingereza kutoka hapo ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Lakini upande wa kusini haukupata njia ya namna hiyo. Aliyetoka kisiwani kwenda Kwale, au kuja kwetu kupitia Lunga Lunga na Horohoro, alitegemea kivuko. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama Mtongwe, wakafa watu 272. Hiyo ndiyo gharama ya kukosa barabara.

Mwaka 2008 majirani nao walionja gharama yao. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na barabara kuu zikafungwa. Haukupita muda, mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda, nchi ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu.

Ujenzi mkubwa ulikuja baadaye. Kipande cha kwanza cha barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu, kati ya Miritini na Kipevu, kilifunguliwa mwaka 2018. Vipande vilivyofuata vilivuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, vikaungana na barabara ya Lunga Lunga huko Ng'ombeni. Hivyo gari lipate kwenda kusini bila kupanda kivuko.

Kwa upande wa reli, njia mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2019 ikasogezwa hadi Bonde la Ufa, na bandari ya nchi kavu ikafunguliwa Naivasha kwa ajili ya mizigo ya nchi jirani. Hapo ndipo penye fundo. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani iendayo Malaba ina milimita 1,000. Behewa la moja halipiti juu ya nyingine. Kipande cha reli kilijengwa kuunganisha kituo hicho na njia ya zamani Longonot, lakini kontena bado sharti lishushwe na kupakiwa upya, na kila kupakia kuna malipo yake.

Pengo hilo lilijaribiwa kuzibwa kwa amri. Mwaka 2019 iliagizwa kwamba mizigo iendayo bara isafirishwe kwa treni. Madereva wa malori na mawakala wa forodha wa Mombasa waliona riziki yao inahamishwa, wakaandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu mjini humo iliamua kuwa agizo hilo halikufuata sheria. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kuirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo.

Historia hiyo yatufundisha kwamba kituo cha mizigo hustawi pale njia zinapokutana kweli, na wananchi wa hapo wakaona faida yake. Amri peke yake haivushi kontena kutoka reli hii hadi ile. Na askari alindaye daraja au kituo cha reli ajue kwamba nyuma yake wamo pia watu wa nchi ya pili na ya tatu, wanaongoja mafuta, dawa na chakula.