Kichocho cha tumbo: ugonjwa wa utumbo wenye jina la mkojo

Kichocho kinachotawala kando ya ziwa wilayani Bunda, mkoani Mara, kutoka Guta hadi Kisorya, si kile cha kukojoa damu. Damu yake, ikionekana, huonekana kwenye choo kikubwa, na siku mbaya kuliko zote hutoka mdomoni. Wahudumu wa afya wamekiita kichocho cha tumbo, na jina hilo limeshika redioni, shuleni na kwenye zahanati. Limetusaidia kwa miaka mingi. Lakini maneno yake yote mawili, kichocho na tumbo, yana kasoro, na kasoro hizo zinamfuata mgonjwa mpaka mbele ya daktari.

Tuanze na kichocho. Ukilisikiliza neno hilo unasikia ndani yake kitenzi chocha, yaani kudunga kwa kitu chenye ncha, na ndivyo wagonjwa wa kile cha kukojoa damu wanavyokieleza: mkojo unachoma, unakuja kidogo kidogo, na mwisho wake una damu. Kwa Kiswahili cha pwani maana ya neno ni hiyo, na imetulia. Unguja na Pemba wanakifahamu kichocho cha mkojo peke yake, kwa sababu kile cha utumbo hakisambai katika visiwa hivyo. Neno lilipofika kanda ya ziwa lilikuja na mkojo wake. Mpaka leo ukimwuliza mtu wa Bunda dalili ya kichocho ni nini, kuna uwezekano mkubwa akujibu: kukojoa damu. Kwa mtu aishiye karibu na malambo au majaruba ya mpunga huko bara, jibu hilo linaweza kuwa sawa. Kwa mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, linampoteza.

Sayansi nayo ilichelewa kuzitenganisha aina hizi. Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani, aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851, na ni kwa jina lake Wakenya wengi husema bilhazia. Kwa nusu karne ikadhaniwa ni mnyoo mmoja. Mayai ndiyo yaliyotoa siri: ya kwenye mkojo yana mwiba mwishoni, ya kwenye choo yana mwiba ubavuni. Mwaka 1907 Louis Sambon alipendekeza mnyoo wa yai lenye mwiba wa ubavuni uhesabiwe aina ya pekee, akauita Schistosoma mansoni kwa heshima ya Patrick Manson. Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha huko Misri kwamba ni minyoo miwili tofauti, kila mmoja na konokono wake. Tangu hapo lugha za kitaalamu zina majina mawili. Sisi tumebaki na jina moja na kulitofautisha kwa neno la pili, na hapo ndipo linapoingia tumbo.

Tumbo kwa Kiswahili ni neno kubwa mno kwa kazi hii. Ni eneo zima kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani. Ni mfuko wa chakula, ule unaopokea tonge kutoka kwenye umio. Ni kuhara: mtu akisema ameshikwa na tumbo, kila mtu ameelewa. Ni mimba, na ni nasaba, ndiyo maana tunasema ndugu wa tumbo moja. Mgonjwa akisikia kichocho cha tumbo, anaweza kufikiria popote katika hayo, na mara nyingi anafikiria mfuko wa chakula, anachanganya na vidonda vya tumbo, na kuanza kujinyima maharage na pilipili.

Lugha ilishatupa neno lililo sahihi zaidi, tena kutoka mzizi uleule. Kiambishi u- mara nyingi hukipa kitu umbo la urefu na wembamba, kama katika uzi, ufito na utepe. Tumbo likipata u- linakuwa utumbo, ule mrija mrefu wenye sehemu mbili, utumbo mwembamba na utumbo mpana, unaoishia kwenye puru. Najua kwamba buchani neno limepanuka, na anayeagiza supu ya utumbo huletewa hata vipande vya mfuko wa chakula wa ng'ombe. Lakini katika mwili wa binadamu hakuna anayechanganya. Kichocho cha utumbo ndilo jina ninalolitetea, na mwenzake aitwe kichocho cha kibofu.

Hata hivyo minyoo wenyewe hawakai ndani ya utumbo, na hili linahitaji maelezo kwa sababu neno minyoo linatufanya tuwaze askaris na tegu. Mtu anaingia ziwani kufua, kuoga, kuchota maji au kusukuma mtumbwi. Konokono bapa mdogo anayeishi kwenye majani ya ukingoni ametoa viluwiluwi vinavyoitwa sekaria, na hutoka kwa wingi jua likiwa limewaka. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache. Vinasafiri kwa damu kupitia moyo na mapafu hadi kwenye ini, vinakomaa, kisha dume na jike huenda pamoja kwenye mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Jike hukaa katika mfereji ulio kwenye mwili wa dume, na hutaga mamia ya mayai kwa siku. Wanaweza kuishi hivyo kwa miaka.

Minyoo wazima hawana madhara makubwa. Ugonjwa unatokana na mayai. Sehemu yake hutoboa ukuta wa utumbo na kutoka na choo, ndipo panapokuwa na damu, makamasi na maumivu. Mengine yanakosa njia, yanarudishwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Mwili unayazungushia makovu. Miaka inapita, makovu yanaibana mishipa ndani ya ini, damu itokayo utumboni inakosa pa kupita na kuanza kutafuta njia za pembeni. Wengu, ambao wengine huuita bandama, unavimba ubavuni kushoto mpaka unashikika kwa mkono. Maji yanajaa tumboni. Mishipa ya umio inatanuka kama kamba zenye mafundo, na siku moja ikipasuka mtu anatapika damu nyingi ghafla. Watu wamekufa hivi mialoni na jamaa zao wakaamini wamerogwa, maana marehemu hakuwahi kulalamikia mkojo.

Sasa tuseme mvuvi mmoja wa dagaa amefika zahanati akilalamika tumbo.

"Shikamoo mzee. Unakojoa damu?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu."

"Umewahi kuugua kichocho?"

"Sijawahi."

Majibu yote mawili ameyatoa kwa ukweli, kwa kadiri ya neno alilolijua tangu utotoni. Akipewa vidonge vya amiba akarudi mwaloni, mayai yanaendelea kuingia kwenye ini. Maswali yanayofaa ni mengine. Je, mzee, unaingia ziwani? Chooni umeona damu au makamasi? Ubavu wa kushoto ni mzito? Umewahi kutapika damu? Kisha kipimo cha choo kwa darubini, na pale vilipo, vijiti vya kupima mkojo vinavyonasa alama za minyoo hata wa aina hii ya utumbo.

Dawa yake ni prazikwanteli, na watoto wa Mara wanaifahamu kutokana na siku za kumeza dawa shuleni. Mtoto husimama kwenye ubao wa kupimia urefu, na mstari uliofikia kichwa chake ndio unaosema idadi ya vidonge: wa sentimita 94 hadi 110 kimoja, wa 125 hadi 138 viwili, wa 150 hadi 160 vitatu. Ni vikubwa na vichungu, na akivimeza na njaa anaweza kutapika au kusikia kizunguzungu, kwa hiyo uji wa asubuhi siku hiyo ni sehemu ya tiba. Watoto wadogo wasioweza kumeza vidonge hivyo waliachwa nyuma kwa miaka mingi. Aina iliyotengenezwa kwa ajili yao ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Dawa huua minyoo waliokomaa, haiwamalizi wachanga, na haimkingi mtu akirudi ziwani kesho yake. Kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi kwa anayeishi kwa uvuvi.

Ombi langu kwa wahudumu wa Bunda, Butiama na Musoma Vijijini: semeni kichocho cha utumbo, na mkishalitaja jina elezeni palepale kwamba damu ya kutazama ni ya choo. Na wewe unayekaa karibu na mwalo, ambaye hujawahi kukojoa damu hata siku moja, nenda ukapime choo.