PC Kinyanjui: Hiyo PC Ni Nini?

Ukishuka mathree pale Riruta karibu na chuo cha PC Kinyanjui, uliza wasee wawili hiyo PC ni nini. Mmoja atakuambia kompyuta. Mwingine, mkuu wa mkoa wa enzi za Moi. Zii. Ni Paramount Chief, yaani chifu mkuu wa Wakikuyu wote, cheo ambacho wazee wetu hawakuwa nacho.

Tuelewane kwanza. Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee. Baba yako angekuwa mzito huko, lakini wewe hukurithi kiti chake, ulijitafutia jina mwenyewe. Sasa mzungu anakuja, anatafuta mtu mmoja wa kumpa amri. Hampati. Basi akamtengeneza.

Oktoba 1890 Lugard alijenga ngome ya kampuni ya IBEA hapa Dagoretti, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Hakikudumu. Watu wa kampuni walipora chakula, na ngome ikachomwa. Wakajenga nyingine, Fort Smith, kule Kabete. Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa huko, akasafirishwa kuelekea Pwani, akafia Kibwezi. Ndiye huyo wa Waiyaki Way.

Kinyanjui wa Gathirimu alichagua njia nyingine. Alianza kwa kuongoza misafara ya wazungu, wakampandisha mpaka juu kabisa. Watu wa Nyeri hawakuulizwa.

Msaliti? Wengi humwita hivyo, na ukiangalia ardhi iliyochukuliwa Kiambu akiwa chifu, unaelewa hasira yao. Lakini Juni 1921 machifu wa Kikuyu Association walikutana na serikali hapa Dagoretti, eneo lake, wakalalamikia ardhi, kipande na mishahara kukatwa. Shida ni kwamba walilalamika kwa adabu. Harry Thuku alipokosa adabu mwaka uliofuata, hawakusimama naye.

Kinyanjui alifariki 1929. Karen Blixen, jirani yake mwenye shamba la kahawa, anasimulia kwamba mzee akiwa mgonjwa aliomba apelekwe nyumbani kwake Blixen badala ya hospitali ya misheni. Blixen alikataa. Manze, miaka yote hiyo ya kuwatumikia!

Kule Ireland na Uingereza, cheo cha ukoo hufa mwenye nacho akikosa mrithi. Kinyanjui alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na bado cheo kilikufa, kwa sababu kilikuwa mali ya serikali. Linganisha na Mumia wa Wanga, magharibi mwa Kenya. Yeye pia Waingereza walimfanya chifu mkuu, 1909, lakini tayari alikuwa Nabongo kwa kurithi. Alifariki 1949. Cheo cha wakoloni kikaisha. Nabongo yupo hadi leo.

Mimi singebadilisha jina la chuo. Ningeandika tu hizo herufi mbili kwa kirefu hapo getini.